Kemeo Halifunguliwi

Ofisi ya Kelele za Kilimo, Kanda ya Delta, ina furaha kuutangazia umma wa Kibiti, Rufiji na visiwa vyote vya jirani kwamba ngedere wameshindwa. Walishindwa mwaka jana, wakati wa mavuno, mbele ya wageni waalikwa, na makofi yakapigwa. Yaliyotokea baada ya hapo ni mambo ya utekelezaji tu. Mimi, Fikirini, Afisa Habari wa Ofisi hii, nimeagizwa niyaeleze kwa usahihi kabla wambea hawajatutangulia. Wameshatutangulia, lakini nitaeleza hivyo hivyo.

Kabla ya Ofisi yetu kuanzishwa, kelele za mashambani zilikuwa hazina mwenyewe. Mtu alipanda dunguni, kile kichanja cha miti kinachosimamishwa katikati ya mpunga, akashinda huko anaamia ndege na ngedere. Anapiga bati, anarusha madongo kwa kombeo, anapayuka maneno ambayo hayakupitishwa na kikao chochote. Mimi nilikulia Mtawanya, na nilimsikia bibi yangu kwa masikio haya akimwambia ngedere mambo yanayomhusu mama yake ngedere. Siwezi kuyaandika kwenye karatasi yenye nembo.

Ndipo Mratibu Mkuu wetu, Bwana Abdulswamadu, alipotuletea Kemeo. (Anapenda aitwe Mheshimiwa, ingawa hajawahi kupigiwa kura na mtu.) Kemeo ni kiboksi cha plastiki, rangi ya machungwa, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Utosini lina kipaneli cha sola. Halina swichi, halina mfuniko, halina skrubu hata moja. Ndani mna betri, spika, na sauti ya Mratibu Mkuu mwenyewe ikinguruma: "Ondokeni mara moja! Nasema kwa mara ya mwisho! Shamba hili lina mwenyewe!" Mgongoni limebandikwa karatasi ya kung'aa yenye maandishi mekundu: HALIFUNGULIWI.

Masharti ya kulipata yalikuwa mepesi. Mkulima anashuka dunguni, anarudi nyumbani kupumzika kisasa, na anakabidhi bati lake na kombeo lake vikatunzwe stoo yetu Kibiti, ili kelele za zamani zisigongane na kelele rasmi.

Wa kwanza kupokea pale kijijini Maparoni alikuwa Bi Mwanaidi. Ni mjane, ana jaruba moja tu la mpunga, na jaruba hilo ndilo linalomlisha yeye na wajukuu wake mwaka mzima. Alilikabidhi bati lake kama mtu anayekabidhi mtoto kwa mama wa kambo. Akaligeuza geuza Kemeo, akalitikisa sikioni.

"Mwanangu Fikirini, hili likiishiwa natia betri gani? Zile nene za tochi, au nyembamba za redio?"

Nikacheka kwa upole wa kiofisi. "Bi Mwanaidi, hili halitiwi betri. Betri yake imo humo humo, imefungwa kiwandani."

"Ikifa?"

"Haifi."

"Lo! Marehemu mume wangu alikuwa anang'oa kisiki kwa mikono, na kafa. Itakuwa hicho kidude?"

Nilimwambia asichanganye mambo ya Mungu na mambo ya teknolojia, tukaenda kula pilau.

Msimu wa kwanza, kusema kweli, Kemeo lilifanya kazi. Ngedere waliisikia ile sauti, wakakimbilia mikandaani, kwenye ile mikoko ya ukingoni, na watoto wao tumboni. Mratibu Mkuu akaagiza ripoti iandikwe kwa herufi kubwa. Halafu ukaja mwaka huu. Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, betri nazo zikainamisha vyao. Kemeo likawa halikai na chaji. Jua likiwaka, lilipata nguvu ya kunong'ona tu: "Ondokeni... nasema... shamba hili..." Sauti ikawa ya chini, ya kubembeleza, kama ya mwenyeji anayewaaga wageni huku akitamani wabaki kidogo. Ngedere wakabaki kidogo. Wakagundua kwamba kila penye sauti ile pana mpunga, na kwamba penye mpunga hakuna tena mtu. Baada ya hapo walikuwa wakiisikia tu, wanakuja mbio.

Wananchi wakaanza kuleta malalamiko. Tuliwapokea vizuri, ingawa ukumbi wetu wa mikutano ulikuwa hautumiki. Simu zetu za kazi, ambazo nazo hazifunguliwi, zilikuwa zimefikia hatua ya kuzima ukizichomoa kwenye umeme. Kwa hiyo watumishi wote tulihamishia viti ukutani kwenye soketi, kila mmoja na waya wake mfupi, tumeinama tunatazama ukuta. Vikao tulifanya hivyo hivyo, kwa kupeana migongo. Mgeni asiyejua angedhani tumeadhibiwa.

Bi Mwanaidi alitukuta katika hali hiyo. Alikuwa ametoka Maparoni kwa boti mpaka Nyamisati, na kutoka Nyamisati kapanda bodaboda, Kemeo kalifunga kwenye khanga. Akalitua dirishani penye jua. Likanong'ona.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi," nikasema bila kugeuka, maana waya haukuruhusu.

"Marahaba. Limekufa."

"Haliwezi kuwa limekufa. Nalisikia."

"Hiyo ndiyo sauti ya kumfukuzia ngedere? Hata kifaranga hatoki hapo! Jaruba langu wameshalila kona nzima. Nipeni jingine. Mlisema lina waranti."

"Lina waranti," nikamwambia, na hapa naomba wasomaji wazingatie jinsi nilivyofuata utaratibu. "Waranti inahusu plastiki, sola, spika na karatasi ya kung'aa. Betri haimo. Betri ni kitu kinachotumika, na kitu kikitumika kinachakaa, na kilichochakaa hakina waranti. Ila unaruhusiwa kununua Kemeo jipya zima."

"Ninunue nyumba nzima kwa sababu kitasa kimeharibika?"

"Kwa bei ya mradi."

Akavuta pumzi. "Basi niruhusuni nilipasue nitoe hiyo betri, niianike juani. Za redio tulikuwa tunazianika juu ya bati pamoja na dagaa, na mpira tunausikiliza mpaka filimbi ya mwisho."

Nilishtuka mpaka waya ukachomoka na simu ikazima. Nikamkumbusha kwamba Kemeo halifunguliwi. Akauliza, je, litupwe? Nikamwambia mali ya mradi haitupwi. Lizimwe? Halina swichi. Basi arudishiwe bati lake.

"Bati hurudishwa Kemeo likifa," nikamwambia. "Na kwa tafsiri ya Ofisi, Kemeo linalotoa sauti yoyote liko hai."

Naomba niseme wazi kwamba wakati ule nilimwonea huruma, maana macho yalimjaa maji na alikuwa ametoka mbali. Lakini huruma haikuwa na fungu katika bajeti ya robo ile. Akajifuta kwa ncha ya khanga, kisha akauliza taratibu, kama mwanafunzi mzuri:

"Sasa mwanangu, hilo lililo hai mahali pake ni wapi? Lazima likae kwangu?"

Niliyafurahia maswali ya namna hiyo, ya mtu anayetaka kufuata sheria. Nikamjibu: "Linatakiwa kuwa kwenye shamba lolote lenye kibao cha mradi."

"Lolote?"

"Lolote."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke." Akalifunga Kemeo lake kwenye khanga, akaondoka.

Sasa lazima nieleze kwamba Maparoni kuna shamba moja lenye kibao cha mradi kikubwa kuliko vyote. Kibao chenyewe kinaonekana ukiwa bado kwenye boti. Ni Shamba la Mfano la Mratibu Mkuu, ambalo katika ripoti yake ya makao makuu aliahidi litatoa magunia arobaini. Mratibu Mkuu alikuwa halikanyagi, kwa kuwa mkulima wa kisasa hashindi shambani. Alikuwa akilisimamia kutoka Kibiti, ukutani.

Wiki chache baadaye tulisafiri kwenda shambani hapo kuzindua Kemeo la Pili. Kemeo la Pili ni kubwa zaidi, la rangi ya kijani, nalo halifunguliwi. Mgeni rasmi alikuwa Bi Nasra kutoka makao makuu, mama mwembamba mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Njiani ndani ya boti Mratibu Mkuu alimwonyesha picha za mpunga kwenye simu yake, akamwonyesha na za mwaka jana, na za mwaka juzi. Nilimnong'oneza atunze chaji, maana hotuba ilikuwa humo. Akaniambia hiyo simu ni ya bei mbaya.

Tulipopanda ukingoni, tulilisikia shamba kabla hatujaliona. Lilikuwa linanong'ona. Makemeo ya kijiji kizima yalikuwa yamefungwa kwenye nguzo kuuzunguka mpunga, yamepangwa vizuri, yote yameelekezewa jua, na yote yanasema kwa sauti ya Mratibu Mkuu, moja likimdakia mwenzie: "Ondokeni... kwa mara ya mwisho... lina mwenyewe..." Katikati, palipokuwa na mpunga, palikuwa na mabua. Kilichobaki ni ukanda mmoja uliopandwa mwisho, bado mbichi, nyuma ya jukwaa. Juu ya kibao cha mradi alikuwa amekaa ngedere mmoja dume, anajikuna.

Wananchi walikuwa wamekaa kwenye mikeka wanatutazama kwa adabu kubwa. Bi Mwanaidi alikuwa mstari wa mbele, kavaa khanga mpya.

"Haya yamefikaje hapa?" Mratibu Mkuu aliniuliza, midomo haichezi.

Bi Mwanaidi alijibu kwa niaba yangu. "Tumefuata sheria, Mheshimiwa. Lililo hai mahali pake ni shamba lenye kibao. Tumemuuliza huyu mwanetu Fikirini, katueleza vizuri sana."

Mratibu Mkuu ni mtu wa protokali, na protokali ilidai hotuba. Akapanda jukwaani, akatoa simu, akafungua ukurasa wa kwanza. "Mgeni rasmi, Bi Nasra..." Simu ikawa nyeusi. Akaibonyeza. Akaipigapiga kiganjani. Akanitazama mimi, nami nikamnyooshea pawabenki ya Ofisi, ambayo ilikuwa imekufa tangu mfungo sita. Alikuwa hajawahi kuzungumza bila kusoma. Jasho likamtoka. Akatafuta kichwani mwake maneno yoyote anayoyajua kwa moyo, na alikuwa nayo yale yale tu, yale aliyoyarudia siku nzima wakati wa kurekodi.

"Ondokeni," alisema, kwa sauti ndogo ya kusitasita. "Ondokeni mara moja. Nasema... kwa mara ya mwisho..."

Wageni wawili wa meza kuu walisimama wakachukua mikoba yao. Na mikandaa yote nyuma yetu ikatikisika.

Nimehudhuria mikutano mingi ya hadhara na sijapata kuona mahudhurio ya namna ile. Walikuja akina mama na watoto tumboni, walikuja wazee wenye mvi za ndevu, walikuja vijana wakirukana migongoni. Walikaa mbele ya jukwaa wanamtazama Mratibu Mkuu usoni. Yeye akiwafukuza, wanasogea. Akipandisha sauti, wengine wanatokea. Walipoona mpunga hautolewi, wakazifungua boksi za pilau za meza kuu. Zenyewe zilikuwa zinafunguka. Mmoja alipanda mezani, akamnyooshea Mratibu Mkuu kiganja, anasubiri.

"Bati!" Mratibu Mkuu alipiga kelele. "Nani ana bati? Pigeni bati!"

"Mabati yetu yako stoo Kibiti, Mheshimiwa," Bi Mwanaidi akasema. "Ufunguo unao wewe."

Kijiji kizima kiliangua kicheko. Nami niliona haya, nasema kweli, lakini nilicheka kidogo ndani ya fulana.

Bi Nasra alikuwa amesimama juu ya kiti, kakumbatia mkoba. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bwana Abdulswamadu, funga mdomo," alisema, na mdomo ulipofungwa ngedere walianza kuchoka. "Leo hii hii tuma boti ikachukue mabati ya watu. Ripoti yako inasema magunia arobaini. Mimi nitarudi kuyaona. Ule ukanda uliobaki utaulinda wewe mwenyewe, dunguni, mpaka uvunwe. Na usithubutu kutoa sauti."

Mabati yalirudi. Jaruba la Bi Mwanaidi, kwa kuwa ngedere wote walikuwa wamehamia kwenye Shamba la Mfano, lilipona zaidi ya nusu. Amevuna, na wajukuu wanakula wali.

Kwa hiyo hali ni shwari, na umma unaombwa kupuuza uvumi. Mratibu Mkuu yuko dunguni. Yuko huko mwezi wa pili sasa, ameungua na jua, anapiga bati la kuazima kutoka kwa Bi Mwanaidi, na haongei, kwa sababu kila akipiga hata kikohozi, mikandaa inatikisika. Mimi humpelekea chakula.

Jana nilimkuta amechoka kabisa. Mkono hauinuki. Aliniashiria kwa vidole kwamba nimtafutie mtu wa kumpokea, hata kwa siku moja, alale. Bi Mwanaidi alikuwa anapita na mzigo wake wa kuni kichwani. Akasimama, akamtazama kule juu.

"Anasemaje?"

"Anaomba abadilishwe," nikamwambia. "Ameishiwa nguvu."

"Abadilishwe?" Akacheka, akauweka sawa mzigo wake. "Mheshimiwa, si mlituambia betri zenu hazibadilishwi? Kaa hapo juani. Ukipata jua kidogo utanong'ona."

Ngedere mmoja akatokea mikandaani. Mratibu Mkuu akainua bati.