Akiba ya Pumzi

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Bosi ametukusanya gerejini asubuhi. Ijumaa wanakuja watu wa zahanati na mashine ya kupima mapafu. Kila mmoja atapuliza. Atakayepuliza kinyonge haingii tena chumba cha rangi. Atapewa ndoo na sponji aoshe magari. Alisema hivyo akiniangalia mimi! Fundi rangi wa pekee humu ndani! Eti kwa sababu sivai barakoa. Nitavaaje? Rangi naijua kwa pua. Nikinusa tu najua kama imekauka. Nyundo, mnyoosha bodi wetu, alikuwa anacheka chini chini. Anakimezea mate chumba changu siku nyingi. Atajiju. Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wenyewe: kuweka akiba ya pumzi. Pumzi ninazozipoteza kwa kuongea nikizibana mpaka Ijumaa, mashine itapasuka. Nimenyamaza tangu alfajiri. Mteja kauliza gari lake litakuwa tayari lini, nikamwonyesha mbingu. Kaondoka anasonya. Nyumbani mke wangu akadhani nimemnunia, naye akaninunia. Yeye ana kipaji. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Mke kamwita dada yake, shemeji yangu yule nesi, aje aone kama nimepooza ulimi. Ikabidi nieleze. Shemeji kacheka mpaka kashika ukuta. Akasema pumzi haiwekwi akiba. Mwili unaitumia papo hapo, na ukikosa nyingine dakika chache tu, kwaheri. Nikauliza basi mapafu yana kazi gani. Akavuta kiti.

Jamani! Nina mtambo kifuani na sikuwa na habari! Hewa inaingia puani, inapashwa joto, inatiwa unyevu, inachujwa. Inashuka kwenye bomba kooni. Bomba linagawanyika mawili, kila moja na pafu lake, halafu yanazidi kugawanyika mpaka kwenye vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Mamilioni! Ukivitandaza vyote, vinafunika sakafu ya chumba changu cha rangi na vingine vinabaki. Kuta zake ni nyembamba ajabu: hewa safi inapenya kwenda kwenye damu, hewa chafu inatoka, wala hakuna foleni. Mimi kupiga rangi nyembamba hivyo siwezi, nakiri. Chini kuna msuli unaitwa kiwambo. Ukishuka, hewa inavutwa. Ukipanda, inasukumwa nje. Mimi nakoroma, wenyewe uko kazini, na haujawahi kudai ovataimu.

Ila walioniteka moyo ni wafagiaji. Ndani ya mabomba mmejaa vinywele vidogo, vinafagia vumbi na makohozi kwenda juu, mchana na usiku. Wafanyakazi wangu mwenyewe! Shemeji akaongeza kwamba moshi wa rangi unawalemaza. Halafu akanikazia macho.

"Shemeji, vaa barakoa. Mapafu hayana spea."

Nimeitikia. Mawazo yalikuwa bado kwa wafagiaji.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango wa pili. Nimemwambia Nyundo bosi anautaka ule mlango wa lori kabla ya vipimo. Kagonga asubuhi nzima. Nilitegemea afike anahema hoi. Kumbe kugonga kumemfungua kifua! Kapuliza mpaka dada wa zahanati kampigia makofi.

Zamu yangu. Nikapuliza kwa mashavu. Mashine hata haikushtuka. Dada akauliza kwa upole kama nimeshaanza. Nyundo akauliza sponji iko wapi. Miaka yote hii na rangi zangu, nikaoshe matairi? Ndipo nikamkumbuka kiwambo. Nikamwambia kimoyomoyo: mzee, leo usiniangushe. Nikavuta hewa mpaka tumboni, kifungo cha suruali kikaruka, nikapuliza nimeishikilia suruali kwa mkono mmoja.

Nimepita! Kwa tabu. Dada kasema mabomba yameanza kuvimba, lakini nikijilinda yatapona. Bosi katoa hukumu mbele ya wote: nabaki chumba cha rangi, ila akinikuta bila barakoa hata mara moja, chumba ni cha Nyundo. Nilitokwa na machozi kwa furaha. Kifua hiki nakipenda.

Jumatatu, 11 Machi

Nimevaa barakoa asubuhi. Nimejisikia vibaya, si kwa joto, kwa aibu. Wafagiaji mamilioni wamekaa kifuani mikono mitupu, kama sina imani nao! Wenzake yule kiwambo aliyeniokoa Ijumaa! Nimefunga mlango kwa ndani, nikaivua, nikapiga rangi gari zima la bluu huku navuta pumzi ndefu za tumboni, za kitaalamu. Bosi hajaona kitu.

Jioni nimekohoa sana. Yametoka makohozi ya bluu. Mke kashtuka, anataka kumwita dada yake. Nimemtuliza: hao ndio wenyewe, wako kazini.