Samaki Waliotoroka Kazi Shimoni Kwangu

Josiah Mukhwana,
Mfyatua matofali, Malaba.
Juni, 1974.

Kwa Bwana Afya,

Mimi na nyumba yangu tunakusalimu. Wengine tu wazima, ila kitinda mimba wetu, Petronilla, anatetemeka kwa malaria. Hilo ndilo limenishikisha kalamu.

Mwaka jana mlipuliza dawa kwenye shimo ninalochimba udongo. Mbu walikufa. Nyuki na mabata wangu wakafa pia. Ukaja mwenyewe kuomba radhi, ukamwaga samaki wadogo wa ngege mle, ukasema watakula viluwiluwi vya mbu bila kumdhuru mtu. Nilikushukuru. Leo shukrani hizo nazirudisha, kwa sababu hizi:

1. Samaki wako hawana bidii. Mwanzoni walisafisha shimo hata Petronilla akasahau ladha ya kwinini. Sasa viluwiluwi vinacheza vitakavyo na samaki hawaonekani.

2. Wanatoroka kazi, hasa Jumapili na siku tukiwa na wageni. Nilidhani wamevuka kwenda Uganda, lakini mto uko mbali na samaki hana miguu. Jirani yangu Opolot ulimpa sawa na mimi. Wake wamejaa mpaka leo, na watoto wake hawajui homa. Kwa nini Opolot alipewa samaki waaminifu, mimi nikapewa wahuni?

3. Ulinikataza kuwavua. Mzee, mimi ni Msamia wa Funyula, mtu wa ziwani aliyelelewa kwa samaki. Kunikabidhi samaki niwatazame tu ni kumpa fisi bucha, na lawama si ya fisi.

4. Kwa hiyo wafutwe kazi, ile dawa irudi. Mpulize shimo, nyumba, banda la mbuzi, na mimi mwenyewe mkiona inafaa. Nyuki na mabata sina tena, basi hakuna cha kuharibika. Mkikataa nitamwandikia D.C., naye akikataa nitapanda mpaka Nairobi.

Naogopa, Bwana Afya. Mtoto ana miaka minne na homa haimtoki.

Wasalimie watu wa kwako, karani wako, na yule dereva aliyekanyaga mihogo yangu.

Ni mimi niliyekosewa na samaki,
Josiah Mukhwana

N.B. Ukileta dawa, fika adhuhuri, na usile njiani. Petronilla amekataa uji na kila kitu, ila mchuzi wa ngege wa shimo hili anaumaliza, na jana alicheka kidogo. Wamebaki wawili. Mmoja ni wake, na huyo mwingine mama yake amekuwekea wewe.