Kola za Malam Zakari

Ijumaa, 4 Novemba
Binti yangu Talatu amejifungua mtoto wa kiume, salama. Anataka aitwe Zakari, jina langu. Nilitoka nje kidogo. Nilisema vumbi limeniingia machoni.

Baba mkwe wake, Alhaji Inuwa, amecheka. Amesema mkimwita Zakari, wenzake watamwita Bahili Mdogo kabla hajaota meno. Mtaa mzima huniita marowaci, yaani bahili. Watu hawajui maana za maneno. Mimi ni Malam, mwalimu, nimefundisha lugha miaka thelathini na mmoja: bahili ni mtu asiyetoa. Mimi hutoa, kwa kipimo.

Dahiru, baba wa mtoto, amesema uamuzi wake utatoka siku ya kumpa mtoto jina, Ijumaa ijayo. Nina wiki moja ya kujisafisha.

Jumamosi, 5 Novemba
Nimenunua kapu zima la kola, zile njugu chungu za kutafuna ambazo hapa kwetu hupewa wageni. Siku ya jina, kila mgeni atapokea kola mkononi mwangu. Ataniitaje bahili huku anatafuna? Muuzaji, mama mwenye maneno mengi, ameniagiza nizifunge kwa majani mabichi na kuzigeuza kila siku, zisikauke. Majani yana bei yake, hayauzwi pamoja na kola. Nimeyakataa. Kola zimo ndani ya sanduku la bati. Ufunguo uko shingoni.

Jumatatu, 7 Novemba
Mbinu ya pili. Nimekula chakula cha jioni kibarazani, nikimkaribisha kila mpita njia. Adabu ya hapa Zariya ni kujibu kwamba umeshiba. Nimekaribisha watu kumi na wanne, kwa sauti ya kufika msikitini. Wote walikuwa wameshiba. Sifa imeanza kupanda.

Wa kumi na tano alikuwa Inuwa. Alisema, “Afadhali, mkwe, maana nina njaa ya tangu asubuhi.” Akanawa, akaketi, akala. Nilimwambia mchuzi umekwisha. Alisema atasubiri. Mke wangu Hansatu akaleta kuku. Sikujua kwamba nyumbani mwangu kuna kuku.

Jumatano, 9 Novemba
Upepo mkavu wa jangwani umeanza. Midomo inapasuka. Hansatu ameomba kuzitazama kola zangu. Nimekataa. Akizitazama atazionja.

Alasiri tumegawana kola moja, kama kila siku tangu tuoane, miaka thelathini na minane. Huipasua yeye. Kipande kikubwa hunipa mimi. Leo nimemuuliza sababu. Amesema meno yake hayapendi vikubwa.

Alhamisi, 10 Novemba
Nimefungua sanduku. Kola zote zimesinyaa, ngumu kama kokoto. Niliketi sakafuni. Nilimwambia Hansatu kwamba mjukuu hatapata jina langu, na kosa ni la upepo.

Hakucheka. Aliingia chumbani kwake, akatoka na kapu lililofungwa kwa majani mabichi. Kumbe miaka yote hii, kila msiba na kila arusi, hupeleka kola na kusema, “Malam anawasalimu.” Nilimuuliza, basi mbona bado naitwa bahili? Alisema hakuna aliyewahi kumwamini, lakini wote walikula.

Ijumaa, 11 Novemba
Nyumbani kwa Inuwa. Kola za Hansatu zilizungushwa kwa wageni, mbichi, zenye maji. Imamu akatangaza jina: Zakari. Dua iliyofuata sikuisikia.

Inuwa aliniinamia sikioni. Ni yeye aliyemshauri Dahiru alikubali jina langu. Alisema mtu ambaye mkewe amesema uongo kwa ajili yake miaka thelathini na minane hawezi kuwa mbaya kabisa. “Jina tumelichukua, mkwe. Tabia baki nayo mwenyewe.”

Nilimpakata Zakari. Alinishika kidole, akakataa kukiachia. Kibaraza kizima kilicheka. Walisema huyo ni damu yako, Malam. Vumbi liliniingia machoni tena.

Zimebaki kola kumi. Tisa nimezifungia sandukuni, za arusi yake. Bila majani. Majani bado ni ghali.

Ya kumi nimegawana na Hansatu. Leo nimeipasua mimi. Vipande havikulingana. Nimempa kile kidogo, kwa sababu meno yake hayapendi vikubwa.