Mshale wa Joto Umeshuka!

Jumatatu, 4 Machi

Toba! Injini imechemka. Dakika ya sita tu, na mbele ya mama mkwe, aliyekuja na kiti chake akaketi mlangoni mwa banda lake. Ndiyo, banda ni lake. Ndege ndiyo yangu: miaka sita ya mbao, gundi na turubai, na injini ya lile gari la shemeji lililotumbukia mtaroni. Mvuke umetoka kwenye rejeta ukanivaa usoni. Nyusi ya kushoto sina tena.

Mama mkwe hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Amesema mkaguzi wa ndege anakuja Jumamosi. Injini ikinguruma dakika kumi na tano kwa nguvu zote bila mshale wa joto kugusa wekundu, nitabaki. Ikichemka tena, banda analichukua aweke vyerehani vyake, na ndege nikaiweke ninapojua. Sina ninapojua! Tuna vyumba viwili. Mke wangu kainamisha kichwa. Nilimwahidi yeye ndiye abiria wa kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Tatizo nimelijua. Mdomo! Tundu la mbele linaloingiza hewa kwenye rejeta ni dogo mno.

Jirani yetu, fundi mstaafu wa mafriji, tunayemwita Baridi, naye anaunda ndege upande wa pili wa ukuta. Atakaguliwa Jumatatu ijayo. Ya kwake haichemki, na mdomo wake hauzidi kisosi! Leo kachungulia ukutani, hakuna aliyemuuliza. Eti ukubwa wa mdomo si hoja. Eti hewa ikikosa njia ya kutokea nyuma, haiingii hata uifungulie geti. Eti nizibe kwa sponji nyufa zote kandokando ya rejeta, kwa sababu hewa ni mvivu: ikiona upenyo inapita pembeni. Nimemchekea jino pembe. Wivu huo.

Nikashika mkasi wa bati, nikaupanua mdomo mara mbili. Nikawasha. Imechemka dakika ya nne. Ya NNE! Nimekaa chini kwenye vumbi.

Jumatano, 6 Machi

Lazima Baridi ana siri. Rejeta yake ni kubwa, hanidanganyi. Nimekwenda kwake kuazima spana namba kumi na tatu. Ninazo tatu. Alipogeuka kuitafuta nikaanza kuipima rejeta yake kwa shibiri. Upana, shibiri mbili. Kwa urefu ikabidi niikumbatie.

Akageuka! Akauliza kwa upole kwa nini nimeikumbatia rejeta yake. Nikajibu kizunguzungu. Lo, kosa! Mkewe akatoka mbio na maji ya sukari, akampigia simu mke wangu, na mke wangu akafika na kanga moja na ndara za rangi mbili, machozi yanamtoka. Nimelazwa kitandani hadi jioni na kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Mchana mzima umepotea!

Na cha kushangaza: rejeta yake ni ndogo kuliko yangu. Nimepima upya kichwani mara kumi. Ndogo!

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa mafundi magari wa njiapanda. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata ni saa ngapi, leo wamesema kwa sauti moja: toa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Nimeitoa. Nimeitupa juu ya paa, nisije nikashawishika.

Wakati wa kurudisha mpira wa maji, kibano kimekatika. Nimefunga kwa waya. Waya ni waya.

Ijumaa, 8 Machi

Siamini macho yangu! Nimewasha. Mshale ukapanda, tisini, mia, moyo ukanipasuka, halafu UKASHUKA. Themanini. Sitini. Arobaini! Injini inanguruma na mshale umelala! Nimeizima mwenyewe, kwa hiari yangu, kama bwana mkubwa. Nimembeba mke wangu nikamzungusha hadi akaomba ashushwe.

Nikamwita Baridi aje ajionee. Kaja. Hakutazama mshale, katazama chini. Akauliza mbona nimesimama kwenye maji. Nikamwambia ni jasho la injini. Akasema geji hupima joto la maji, na maji yakivuja yakaisha, kihisi cha joto kinabaki kwenye hewa tupu na mshale unashuka, huku injini inaungua. Akasema nisiiwashe tena mpaka nipate kibano.

Mke wangu akaniambia mficha uchi hazai, nimsikilize mzee wa watu. Hata yeye! Nimefunga geti. Nimejaza maji upya, yalikuwa yamepungua sana, sijui yanakwenda wapi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika polepole.

Mkaguzi kafika saa tatu kamili. Mama mkwe kakaa na futi yake ya ushonaji shingoni. Nikawasha. Dakika ya tano mshale ukaanza kushuka, nikamwonyesha mkaguzi kwa kidole. Akauliza iweje joto lishuke wakati nimekanyaga mafuta yote. Nikajibu, utundu.

Dakika ya saba: KRAA! Panga boi la ndege likasimama ghafla. Kimya. Halafu moshi. Injini imekaza, haizunguki hata kwa nondo. Mkaguzi aliandika neno moja tu, akafunga daftari. Mama mkwe akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaanza kupima ukuta.

Nimelia. Sioni aibu kuandika. Miaka sita! Mke wangu alinishika bega, hakulaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Ndipo Baridi akaingia. Akasema banda lake lina nafasi ya ndege mbili, na injini ya akiba anayo. Sharti moja: mambo ya kupoza injini nimwachie yeye, nisiguse hata skrubu. Nimeapa mbele ya mke wangu. Nimemshika Baridi mikono yote miwili. Mtu niliyemwita mwenye wivu!

Jumapili, 10 Machi

Tumehamia kwa Baridi asubuhi. Ndege mbili bega kwa bega. Mke wangu kacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Baridi katoka kwenda kuninunulia kibano na sponji. Kaniacha na ndege yake saa nzima. Mtu mwema kiasi hiki unamlipaje? Kesho asubuhi anakaguliwa, na mdomo wa ndege yake, maskini, bado haujazidi kisosi! Na themostati bado anayo!

Sijagusa skrubu hata moja. Nimetumia mkasi. Mdomo sasa unaingia kichwa cha mtu, na themostati yake nayo iko juu ya paa. Sijamwambia, nataka ashtuke kwa furaha.