Gari la Bi Mkunga Linakunywa

Anayetafuta riziki kwa jasho la wengine inambidi aamke mapema, maana hao wengine nao huamka mapema. Hiyo ndiyo kanuni pekee ambayo Injinia hakuwahi kuivunja. Kila kukicha alikuwa keshakaa kwenye benchi la kuoshea magari, nyuma ya kituo cha mafuta, gazeti la juzi mkononi, akisikiliza watu wakilalamika. Hakuwa injinia wa kitu chochote. Jina alijipa mwenyewe siku aliponunua koti jeupe la maabara kwenye rundo la mitumba, na kwa kuwa hakuna aliyempinga, likamganda.

Kazi yake inastahili kuelezwa kwa heshima. Mwenye gari la zamani akilileta lioshwe, huenda kukaa kivulini na simu yake. Hapo Injinia huingia chini ya gari na spana, akajifanya anakagua matope, akakaza waya wa breki ya mkono kidogo tu, kiasi cha magurudumu ya nyuma kushikwa bila mtu kujua. Kisha hupunguza upepo wa tairi. Haupiti muda mwenyewe anarudi kituoni, sura imemshuka, anasema gari limeanza kunywa mafuta. Injinia humsogelea na koti lake, akampa pole, akamtolea kiboksi cheusi kiitwacho Kiokoa-Mafuta. Ndani ya kiboksi mna taa ya buluu na nyaya mbili za kuiwasha, basi. Anapokifunga kwenye betri, hulegeza waya uleule na kurudisha upepo uleule. Gari huondoka jepesi, mteja humwombea dua, na Injinia hulala usingizi wa mtu aliyetenda wema. Yeye hakujiona tapeli hata kidogo. Wateja wake walikuwa wanaokoa mafuta kweli, na nani mwingine mjini angeweza kusema hivyo?

Kilichomvuruga ni mapenzi. Mkabala na kituo palikuwa na chumba cha fundi cherehani, mwanamke mrefu wa maneno machache, ambaye akikutazama unahisi anakupima mabega. Injinia alimpenda mpaka akafika mahali pa kufumua suruali zake mwenyewe, apate sababu ya kuzipeleka. Na kwa kuwa ulimi wake haukuzoea kukaa bure, siku moja alimwambia ana gari, liko gereji. Ile pikipiki anayoipanda kila siku, alisema, ni ya kazi tu.

"Jumapili nakwenda kumwona mama," fundi cherehani alimwambia, pini midomoni. "Ukitaka mambo yetu yawe na kichwa na miguu, nipeleke na gari lako. Mama anakusubiri."

"Na likiwa bado gereji?"

"Basi na wewe baki gereji."

Akarudi kwenye benchi lake. Kupata gari kabla ya Jumapili, kwa akiba aliyokuwa nayo chini ya godoro, ilikuwa ndoto ya mchana. Lakini Injinia alimtaka kweli mwanamke yule, alimtaka kwa ndoa na watoto na mapazia yanayofanana, na alijua kabisa kwamba akikosa Jumapili hiyo hatapewa nyingine.

Ndipo Bi Mkunga alipoingia kituoni na gari lake la rangi ya maziwa.

Huyu alikuwa mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa ule, ndiyo maana wanaume wazima wakimwona huficha sigara. Gari lake lilikuwa kuukuu lakini limetunzwa: bodi haina mkwaruzo, viti vimevikwa vitambaa vya kufuma. Injinia alilijua vizuri. Alikuwa amelifanyia kazi yake lilipokuja kuoshwa mara ya mwisho.

"Mwanangu, wewe ndiye Injinia?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Gari langu linakunywa. Zamani nikijaza tangi nilikuwa nasahau hata kituo kiko wapi. Siku hizi kila nikiingia naulizwa habari za wajukuu."

"Pole sana, mama," Injinia alisema, na mkono wake ukaingia mfukoni, kwenye kiboksi.

"Wala usinipe pole. Nimeshachoka. Nikipata mtu wa kulichukua, nampa hata kwa bei ya kutupa."

Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Injinia akalitazama gari lile kuanzia taa mpaka bomba la moshi, akameza mate. Ugonjwa uliolipata gari lile aliupanda yeye mwenyewe kwa spana yake mwenyewe, na dawa yake ni kuzungusha nati. Gari zima kabisa, na mwenye gari hajui. Akiuza kiboksi atapata pesa ya kula. Akilitia gari ila, atapata gari, na gari litampatia mke.

"Mama," alisema kwa sauti ya msibani, "hili si la kupimwa barabarani. Kesho nitakuja kwako nilisikilize."

Kesho yake alikaribishwa sebuleni, akapewa chai. Ukutani palikuwa na picha ya Bi Mkunga wa enzi zile, sare nyeupe, kapanda pikipiki, begi la kazi mgongoni. Mezani, juu ya kitambaa, palikuwa na pembe fupi ya mbao, ile ya kusikilizia mtoto tumboni.

"Hiyo ya zamani, kabla ya mashine," Bi Mkunga alisema, alipomwona anaitazama. "Unapenda kuitumia? Nyie mainjinia si huwa mnasikiliza?"

Injinia hakuwahi kukataa zana inayompa hadhi. Wakatoka uani. Bi Mkunga akamwita jirani yake, mzee mwenye duka, aje ashuhudie, kwa sababu, alisema, yeye ni mjane na mambo ya magari hayajui. Injinia akaliwasha gari, akaona moshi wa buluu ukitoka nyuma, akajisemea hiyo ni breki tu inavuta. Akaweka pembe juu ya boneti, akainamisha sikio, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda. Mzee mwenye duka akavua kofia.

"Inakata roho," Injinia alisema hatimaye.

"Nani?"

"Injini, mama. Ringi za ndani zimelika. Mafuta yanaungua bila kuleta nguvu, ndiyo maana linakunywa. Hili halina tiba ila kuifungua injini yote na kuijenga upya, na gharama yake utanunua gari jingine."

Hapo inafaa tusimame kidogo. Katika maisha yake yote ya kazi Injinia alikuwa hajawahi kumwambia mteja ukweli, hata kwa bahati mbaya. Siku hiyo aliusema wote, kwa mpangilio mzuri, na hakuwa na habari.

Bi Mkunga akamgeukia. "Una hakika, mwanangu?"

"Mia kwa mia."

"Umesikia, jirani?"

"Nimesikia," alisema mzee mwenye duka. "Injini imekwisha."

"Kwa hiyo atakayelinunua asije akanilaumu."

"Nani akulaumu, mama?" Injinia alicheka kwa upole. "Mimi nitakusaidia. Nitalichukua mwenyewe, niliuze vipande vipande. Sitapata faida, ila siwezi kukuona unahangaika na chuma chakavu."

"Una roho nzuri," Bi Mkunga alisema, kisha akaanza kupatana bei, na roho nzuri ya Injinia ikatokwa jasho. Mwanamke yule alipatana kwa utulivu wa mtu aliyekesha na wenye uchungu maisha yake yote na anajua mwishowe kitu kitatoka tu. Akiba ya chini ya godoro ikaenda yote. Haikutosha. Ikaenda na pikipiki.

"Nitaipanda Jumapili," Bi Mkunga alisema, akiishika usukani na kuijaribu breki. "Nina mjukuu upande wa mlimani, hajaniona siku nyingi. Na hiyo pembe chukua, mwanangu. Naona unaielewa."

Jumapili asubuhi, kabla ya kumfuata fundi cherehani, Injinia aliingia chini ya gari lake kuulegeza waya. Akaikuta nati iko palepale ilipokuwa kabla hajaigusa siku ile ya kwanza. Akapima tairi: upepo umejaa. Alikaa chini ya gari akijikuna kichwa, kisha akaamua kwamba vitu vya zamani hujilegeza vyenyewe. Kwa pesa iliyombakia mfukoni akanunua mafuta, kiasi ambacho gari zima lingekwenda na kurudi na kubakiza.

Fundi cherehani alitoka amevaa gauni alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Akalizunguka gari, akapapasa vitambaa vya viti, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akatabasamu meno yakaonekana. Injinia nusura alie.

"Kumbe kweli unalo," alisema.

"Mimi si mtu wa maneno tu."

Wakatoka. Mjini lilikwenda. Nje ya mji likaanza kutoa moshi uliowafunika waenda kwa miguu.

"Kuna kitu kinaungua?" fundi cherehani aliuliza.

"Linapasha moto."

"Mpaka saa hizi?"

Macho ya Injinia yalikuwa kwenye mshale wa mafuta, ambao ulikuwa unashuka bila aibu, ukionekana kwa macho. Walipofika chini ya mlima, pale ambapo paa la nyumba ya mama linaonekana juu kule, gari likakohoa, likatikisika, likanyamaza. Tangi lilikuwa kavu.

Walikuwa wamekaa humo ndani, madirisha wazi, waliposikia pikipiki. Injinia aliujua mlio wake kabla hajageuza shingo. Bi Mkunga alisimama kando yao, kofia ngumu kichwani, akazima.

"Shikamoo, mama," fundi cherehani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Limezima?"

"Limezima."

"Alitueleza vizuri sana kwamba litazima. Jirani yangu mpaka leo anamsifu."

Injinia alishuka, akamsogelea karibu, akanong'ona. "Mama, umeniuzia gari bovu."

"Nimekuuzia lile ulilolipima," Bi Mkunga alisema, na yeye hakunong'ona. "Siku ile ya kuosha niliona miguu miwili imetokeza chini ya gari langu. Kazi yangu ilinifundisha, miguu ikitangulia, kuna jambo. Nilipofika nyumbani nikamwita mpwa wangu, fundi wa magari, akalegeza ule waya ulioukaza na kujaza upepo ulioutoa. Nikasema limepona. Wapi, likaendelea kunywa. Nikajiuliza, limeanza lini? Nikakumbuka lilianza tangu mwaka jana, polepole, kabla hatujaonana mimi na wewe. Basi magonjwa yalikuwa mawili, ulioutia wewe na wa gari lenyewe. Mpwa wangu akaifungua injini kidogo, akanipa jibu neno kwa neno kama ulivyonipa wewe na pembe."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia uongo ningekuambia. Ungesema limepata homa ndogo, nikupe pesa ya kiboksi, ningekushika mkono nikupeleke kwa mzee mwenye duka ukaaibike kidogo, tukamaliza. Lakini ulisema injini imekwisha. Mtu akikwambia kweli halafu akataka kununua, utamkatalia kwa sababu gani?"

Injinia aligeukia gari.

Fundi cherehani alikuwa ameshuka, mkoba begani. Alikuwa amesikia yote, na sasa alikuwa anamtazama Injinia kwa yale macho ya kupima mabega.

"Unakaza waya," alisema taratibu, "halafu unakuja kuulegeza."

"Ni kazi tu. Haina uhusiano na sisi."

"Na zile suruali?"

"Suruali gani?"

"Zilizokuwa zikifumuka kila wiki. Mshono wangu haufumuki, naujua. Nilijua unazifumua mwenyewe. Nilikuwa nazishona nacheka peke yangu, nikidhani ni mapenzi. Kumbe ndiyo kazi yako."

"Yalikuwa mapenzi," Injinia alisema, na hili nalo lilikuwa kweli, la pili katika wiki moja. Lakini alilisema kwa sauti ileile aliyozoea kuuzia viboksi, kwa sababu hakuwa na nyingine.

"Mama, unapita juu kule?" fundi cherehani alimwuliza Bi Mkunga.

"Napita. Panda, mwanangu, ushike kiuno. Gauni likunje lisiguse mnyororo."

Akalikunja, akapanda. Pikipiki iliwaka kwa teke moja, ikaukwea mlima bila kuhema. Hiyo ilikuwa haijawahi kukazwa kitu. Injinia aliitazama mpaka ikaingia uani kwa mama, akamwona mtu ametoka mlangoni kuwapokea.

Kisha akafungua boneti, akatoa mfukoni Kiokoa-Mafuta kimoja, akakifunga kwenye betri kwa uangalifu kama alivyowafungia wengine wote. Taa ya buluu ikawaka vizuri kabisa. Akavua koti, akalikunja, akaliweka kitini kando ya pembe, akazunguka nyuma ya gari lake, akaanza kusukuma.