Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Jumanne, 4 Juni

Gari linagonga. Mbele, upande wa kushoto. Nikipita shimo: kong. Nikikata kona ya kuingia kwetu: kong, kong.

Mke wangu Nélida kasema nimpelekee Waldemar. Waldemar ni kaka yake, na hapa Tacuarembó, kaskazini mwa Uruguay, hakuna fundi anayemfikia. Nimekataa. Hatusemeshani tangu Machi, aliposema mbele ya meza nzima kwamba nimeficha karata chini ya chupa ya chai. Karata ilikuwepo, sikatai. Lakini angeninong'oneza.

Jumapili nampeleka binti yetu Yanina uwanja wa ndege wa Montevideo. Karibu kilomita mia nne. Anahamia Uhispania, kapata kazi ya uuguzi. Waldemar alijitolea kumpeleka kwa pikapu yake. Nimemwambia Nélida amjibu kwamba mtoto ana baba.

Jumatano, 5 Juni

Nina mpango. Mbele ya gereji ya Waldemar kuna tuta. Fundi akisikia gari bovu hawezi kujizuia, lazima aseme linaumwa nini. Nitapita polepole, dirisha wazi, nimsikie bila kumuuliza.

Nimepita mara saba. Waldemar alikuwa mlangoni, kaketi kwenye tairi, anafyonza chai yake ya majani ya mate kwa mrija. Mara ya kwanza aliinua kichwa. Mara ya nne aliweka kikombe chini. Mara ya saba alivua kofia, akanipungia. Basi.

Nimerudi na mafua. Juni kwetu ni baridi kali, si mwezi wa kuendesha na dirisha wazi.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa pili. Nimemtuma jirani yetu, mama Elba, akamuulize Waldemar kana kwamba gari ni la mpwa wake. Nimemfundisha hadi mlio wenyewe. Kagonga sufuria vizuri sana.

Karudi na majibu. Waldemar kasema, "Mwambie mpwa wako asiliendeshe tena, hata kwenda dukani. Alilete leo, kwa kulivuta." Halafu kauliza kama mpwa huyo bado anacheza karata.

Kumbe ananidhihaki. Anataka nivutwe kwa kamba katikati ya mji kama ng'ombe mgonjwa, watu wote wanione. Sidanganyiki.

Nimepima mwenyewe. Inasemekana ukilishika gurudumu juu na chini ukalitikisa, likicheza kuna kitu kimelegea. Nimelitikisa hadi mgongo ukalia. Halikucheza hata kidogo. Yanina, aliyekuwa akikunja nguo barazani, kaniuliza kama si lazima kwanza niliinue gari kwa jeki. Nimemwambia afunge sanduku lake.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamua ni shokapu. Nimefunga mpya mbili, kazi ya kutwa nzima, huku mvua inanyesha. Nélida kaniletea mikate ya kukaanga chini ya gari, nikaila ikiwa na grisi.

Nimejaribu. Kong. Labda ndogo kuliko jana. Kuanzia kesho nitawasha redio.

Jumapili, 9 Juni

Tumeondoka saa moja asubuhi. Redio juu. Nélida akauliza kama tunaenda dansini. Nikasema ni kumpa mtoto moyo.

Kabla hatujafika mji wa Paso de los Toros nilikwepa shimo, nikaingia lingine. Haikuwa kong. Ilikuwa kama mti kuvunjika. Usukani ukanitoka mikononi, gari likapiga magoti, likajikokota hadi kwenye majani. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelala chali. Hakuna aliyeumia. Nélida alikuwa amemshika Yanina mkono. Redio bado ilikuwa inaimba.

Hazikupita dakika kumi, pikapu ikasimama nyuma yetu. Waldemar. Alikuwa ametufuata tangu nyumbani, kwa mbali, tusimwone.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Aliinama, akachungulia, akasema, "Boljointi, shemeji, kile kiungo kinachoshika gurudumu. Niliisikia Jumatano ulipopita mara ya kwanza. Zile sita nyingine nilidhani unakuja kuomba msamaha."

Pikapu ina nafasi ya watu watatu. Waldemar akasema niende mimi, yeye abaki na gari. Yanina akaniangalia. Nikasema hapana, gari ni langu, nitalilinda mwenyewe. Sijui ni nani aliyesema maneno hayo kwa kinywa changu.

Yanina alinikumbatia. Koti lake jipya lilipata grisi begani. "Baba," akasema, "ungemuuliza tu mjomba." Ndiko kuagana kwetu. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya uwanja wa ndege. Ipo bado mfukoni.

Nilikaa juu ya boneti. Jioni ndege moja ilipita juu sana. Ilikuwa inaelekea kaskazini, labda Brazili. Niliipungia hata hivyo.

Jumanne, 11 Juni

Yanina amefika. Kampigia mama yake simu, kasema kule kuna joto. Aliponiulizia mimi, nilikuwa nimejificha uani. Nélida alimwambia nimelala.

Jumatano, 12 Juni

Waldemar, aliyelivuta gari hadi gereji yake, amebadilisha boljointi. Kanionyesha ile ya zamani, inacheza kama jino la mzee. Nilitaka kumwambia habari ya karata. Nilifungua kinywa, nikasifu rangi mpya ya gereji. Akasema haijapakwa rangi tangu afariki baba yao.

Gari halina mlio wowote. Nililiendesha polepole hadi nyumbani, na ule ukimya haukunipendeza.

Alhamisi, 13 Juni

Waldemar kasisitiza nirudi kesho apange magurudumu yanyooke, kwani gari linavuta kulia. Nélida kafurahi, kasema nitumie nafasi hiyo kuongea naye kiume.

Nimekaa nikalifikiria sana. Kumsumbua shemeji tena si uungwana, baada ya yote aliyotufanyia. Kupanga magurudumu ni kuvuta uzi ulionyooka tu. Nimechukua kamba ya kuanikia nguo, na mama Elba kakubali kuishika upande wa pili. Tunaanza asubuhi, Nélida akiwa sokoni.