Diski Mbili za Zahanati

Jumatatu, 3 Machi

Daktari mkuu kaagiza mfumo wa zahanati upandishwe toleo jipya kabla ya Jumatano jioni. Moyo paa. Mafaili ya wagonjwa wote yamo humo, miaka kumi na moja. Lakini nina ujanja. Seva yetu ina diski mbili pacha. Kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye nyingine. Nachomoa moja, naifungia kabatini, napandisha toleo kwenye iliyobaki. Mambo yakiharibika, narudisha niliyochomoa. Nani kama mimi?

Nimechomoa ya kushoto. Shemeji, karani wa masjala, dada wa mke wangu na mwiba wangu kazini, akataka niijaribu kwanza kwenye ile kompyuta ya stoo. Nikamwambia pacha ni pacha. Fomu ya kukabidhi diski ina mahali pa "imejaribiwa". Nimetia alama ya vema na sahihi. Akaifungia kabatini kwake, ufunguo akatia mfukoni.

Jumanne, 4 Machi

Saa nne, kikombe mkononi, nikakumbuka plasta. Oktoba, taa ya diski ya kushoto iligeuka rangi ya chungwa ikawa inawaka na kuzimika, inanikera. Nikaibandika plasta ya kidonda. Leo nimefungua kitabu cha mashine kwa mara ya kwanza. Chungwa maana yake diski imeacha kunakili.

Akiba yangu haina mgonjwa hata mmoja tangu Oktoba! Niseme? Shemeji atamfikishia mke wangu kabla sijatoka getini. Nimeamua kujikausha. Pengine toleo litaingia salama.

Jumatano, 5 Machi

Halikuingia salama. Saa tano asubuhi skrini nyeusi, seva haiamki. Mabenchi yamejaa kina mama. Muuguzi akaja mbio: chumba namba tatu kuna mtoto ana homa kali, kaletwa na jirani, mama yake hapatikani. Je, penisilini inamdhuru? Faili lake lilifunguliwa Januari. Sindano iko tayari.

Nitaua mtoto wa watu kwa sababu ya plasta. Nikakimbilia masjala, muuguzi nyuma yangu, nikamweleza Shemeji yote, machozi yananitoka mbele za watu.

Hakufoka. Akasema aliijaribu diski mwenyewe Jumatatu ile ile, akakuta mgonjwa wa mwisho ni wa Oktoba. Jana asubuhi akanakili mafaili yote kutoka kwenye seva kwenda diski ya tatu. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akafungua faili la mtoto. Inamdhuru. Muuguzi akatoka mbio kubadilisha dawa, mimi nikakaa sakafuni. Nilipomuuliza mbona hakuniambia, akasema alikuwa akingoja nimwambie mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mfumo umerudi. Mtoto anacheza wodini. Nimepewa barua ya onyo: kosa jingine, kazi sina. Mke wangu alishajua kabla sijavua viatu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari siku tatu nzima nilikosea wapi. Nimepata jibu. Nilimshirikisha Shemeji. Asingejua kitu, barua ya onyo ingetoka wapi?

Mashine ya maabara nayo inahitaji toleo jipya. Nitaipandisha kesho saa saba, wote wakiwa wanakula. Diski moja nimeshaichomoa. Sijamwambia mtu.